Mkoa Mmoja, Sweta Mbili

Oya wanangu, tuseme ukweli. Mtu wa kwetu akipata chuo Urusi au Kanada, ukoo mzima unakaa kikao. Mjomba anatoa koti, shangazi anatoa blanketi, mchungaji anatoa maombi, na yupo yule broo mjuaji wa kitaa ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Kasumulu lakini anamwelekeza jamaa namna ya kutembea kwenye theluji. Sasa mtoto huyohuyo wa Kyela aseme anahamia chuo Mbeya. Anapewa debe la mchele, mkungu wa ndizi, na dingi anatupa neno moja kutoka kwenye kiti chake: "Si hapo juu tu?" Imeisha hiyo. Hakuna koti, hakuna soksi, maombi yenyewe ya kuunganishwa na ya wagonjwa.

Mimi naandika niko mwaka wa tatu, nina mizula miwili na sina aibu nayo. Ila hii stori ni ya mwanangu mmoja wa Ipinda, na jina lake nalificha kwa sababu bado ananidai.

Jamaa mwaka wa kwanza alisomea Dar. Mtu wa Kyela akienda Dar hali ya hewa haimsumbui: joto analijua, jasho analijua, mbu ni majirani zake toka anazaliwa. Kilichomchapa ni mkwanja. Kodi ya geto, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, msosi wa kununua kila siku. Mshua wake ana shamba la kakao, na kakao kweli iliwahi kuwapa watu kiburi. 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na kwetu wazee waliokuwa wanaendesha baiskeli kimyakimya wakaanza kuulizia bei za pikipiki kwa sauti ya kusikika barabarani. Baadaye bei ikaporomoka, sauti zikashuka nazo. Nyumbani kikakaliwa kikao na hukumu ikatoka: dogo ahamie chuo cha karibu.

Wengi wanadhani kuhama chuo ni kubeba begi. Thubutu. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wana dirisha lao la uhamisho, likifungwa limefungwa. Chuo unachokwenda kinauliza alama zako, kinachukua mtaala uliosoma kule na kuulaza pembeni ya mtaala wao. Masomo yanayofanana yanahesabiwa. Yasiyofanana unarudi kuyasoma na madogo wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mwanangu akawa mwaka wa pili kwenye kitambulisho, ila kuna siku za wiki anakaa dawati moja na watu ambao bado wanaita lekcha "mwalimu". Halafu kuna bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 hela ya kujikimu ni buku kumi kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hela hiyo inafuata chuo ulichosajiliwa, ukihama na makaratasi yako lazima yahame, na makaratasi hayana haraka ya kuwahi chakula cha mchana. Wenzako wanasaini, wewe unaangalia simu.

Alitimba Mbeya Novemba. Hapo ndipo mtego ulipo, na hakuna anayekwambia. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo Mbeya inajifanya na yenyewe ina joto. Jamaa akawa anazurura getoni na singlendi, akapiga picha mlima Loleza ukiwa nyuma yake, akaweka status kwamba baridi ya Mbeya ni stori za vijiweni. Sisi tuliotangulia tukakausha. Kuna mambo hayabishaniwi, yanasubiriwa.

Mvua zikaja, akacheka nazo. Mvua mtu wa Kyela humtishi, kwetu Machi mpaka Mei mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikiamua kutoka njiani watu wanahamisha kuku kwanza, maswali baadaye. Kila mwaka mwishoni mwa Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa mwelekeo wa kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, na kila mwaka nyanda za juu kusini magharibi zinatajwa kwa baridi. Watu wanaipita hiyo taarifa kama tangazo la dawa ya panya. Na mwanangu akaipita.

Jua la Mbeya la Juni ni tapeli. Mchana anga ni bluu tupu, hakuna wingu, vumbi linapeperuka, unaona kabisa hapa tisheti inatosha. Saa kumi na moja jioni linaanza kukuaga, saa moja joto lote limesepa nalo. Alfajiri kipimo kinasoma nyuzi sita, saba, na huko juu kuelekea Kitulo barafu inalala kwenye majani. Ile wiki ya kwanza ya Juni nilimkuta mwanangu asubuhi mlangoni kwake, kavaa suruali mbili, tisheti tatu, juu kajifunga taulo shingoni, mkononi ana kikombe cha chai hanywi, amekikumbatia tu. Midomo imepasuka mpaka kutabasamu anaona gharama. Nikamwambia, "Vipi, vijiweni wanasemaje?" Akanitazama tu. Singlendi ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba nje, imekakamaa.

Sasa sikia kwa nini. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Kyela mjini haijapanda sana kutoka hapo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Kwa wastani ukipanda mita 1,000 hewa inapoa nyuzi sita na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe: nyuzi kama nane zimeshakuponyoka kabla hujamkosea mtu. Halafu Kyela ina ziwa lenye kina cha mita 700, na maji mengi namna hiyo yanatunza joto. Hata Julai, upepo wa kusini ukiwa umechafua mawimbi pale Matema, ukitia mguu majini unakuta nyuzi 23 hivi. Usiku ziwa linakupasha bila kukudai. Mbeya haina huyo mfadhili. Usiku wa kipupwe hauna mawingu ya kufunika, ardhi inarusha joto lake angani, na hewa baridi ambayo ni nzito inateleza kutoka milimani inatua mabondeni. Na mabondeni, wanangu, ndiko mageto ya bei poa yalipo.

Njia yenyewe ya Kosta inakuonyesha kila kitu ukiwa macho. Kyela mnaondoka vioo vyote wazi, watu wanajipepea na tiketi. Mkianza kupanda Rungwe kuna mama mmoja ataomba dirisha lifungwe. Tukuyu kuna manyunyu, hata kama mliondoka juani. Kiwira mnanunua parachichi na ndizi kupitia dirisha lililofunguliwa robo. Mkifika Isyonje, pale inapochepuka njia ya Kitulo, mko juu ya mita 2,000 na konda mwenyewe, aliyekuwa anapiga kelele na shati wazi, sasa ana jaketi mpaka kidevuni. Ndipo mnashuka Uyole. Kilomita mia na kitu tu, na bado mko mkoa uleule, mkuu wa mkoa yuleyule. Ndiyo maana haagwi mtu.

Ila tusijidai sisi ndio wa kwanza. Wajerumani walipokuja kutawala upande huu waliweka boma lao ziwani, wakaliita Langenburg. Homa ikawakimbiza, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakalihamishia Tukuyu, Langenburg mpya. Wamoravian nao 1891 walipita ukanda wa joto wakaenda kujenga Rungwe juu. Wenzetu walikuwa wanakimbia malaria, sisi tunakimbiza digrii. Ila wao walikuja na makoti tayari.

Turudi kwa mwanangu, maana nguo ilikuwa nusu tu ya msala. Nusu nyingine ni watu.

Mgeni wa mwaka wa kwanza ana raha yake: wote ni wageni, wote wanapotea, mnapotea pamoja mnakuwa marafiki. Anayehamia mwaka wa pili anakuta darasa limeshaiva. Makundi ya diskasheni yapo, wapenzi wameshaachana na kurudiana, kila kiti cha nyuma kina mwenyewe, utani wote unaanza na "unakumbuka siku ile..." na wewe hukuwepo siku ile. Dar jamaa alikuwa na dawa ya hilo. Joto linawatoa watu nje, saa tano usiku vimbweta vimejaa, unakaa pembeni na desa lako, unauliza swali moja, mara unaambiwa sogea. Kwenye joto hakuna mlango wa kubisha. Mbeya Juni, saa moja jioni eneo la chuo ni jeupe. Kila mtu kajifungia na kundi lake ndani, diskasheni inapigwa vitandani chini ya blanketi, na hakuna namna ya kupita bahati mbaya kwenye chumba cha watu. Alikaa wiki nzima anapiga msuli peke yake, anatoka kwenda kipindi, anarudi, anafunga. Mtu anaweza kudhani ana maringo. Yupo demu mmoja wa darasani alisema hivyo hasa: "Yule wa kuhamia ana nyodo za Dar." Jamaa hana hata nyodo za Ipinda, alikuwa anasikia baridi tu.

Kilichomwokoa kilikuwa kwenye lile debe la mchele la nyumbani. Ijumaa moja usiku, bumu bado haijaingia, akaamua kupika wali. Ule wa kwetu. Mtu ambaye hajawahi kuwa kwenye korido ndefu, milango kumi imefungwa, nje nyuzi nane, halafu mchele wa Kyela unaanza kuchemka, hawezi kunielewa. Harufu ile haipiti chini ya mlango, inaingia kama ina funguo. Akabisha mtu wa chumba cha pili.

"Kaka, unapika nini humo?"

"Wali tu."

"Wali gani huo? Wa wapi?"

"Home. Kyela."

Kimya kidogo. "Nina maharage yameiva. Nilete?"

Akaja na maharage. Akaja mwingine na nusu parachichi na chumvi. Mwanangu akatoa usipa aliofungiwa na maza kwenye gazeti, akakaanga, na hapo mlango haukufungwa tena. Saa tatu chumba kilikuwa na watu saba na madirisha yanatiririka maji kwa mvuke. Yule wa maharage ni mtu wa Makete, nyuzi nane hizo yuko na tisheti, anashangaa watu wanatetemekea nini. Kwao ni juu kuliko Mbeya, hapa kwake ni kama pwani. Yule demu wa nyodo naye alikuja, kamfuata mwenzake, kala sahani mbili. Katikati ya stori mtu akataja somo lenye testi Jumanne, mwingine akasema ana desa la mwaka juzi, desa likafunguliwa juu ya sufuria tupu. Jumanne jamaa akaingia kwenye testi akiwa na kundi.

Mimi nashikilia hivi: baridi iliyokufungia nje ndiyo hiyohiyo inayowatamanisha watu mahali penye sufuria la moto. Kwenye joto la Dar nani angeingia kwenye chumba kinachopikiwa? Ila lazima uwe wewe mwenye sufuria. Ukisubiri ualikwe, utaalikwa Septemba, na Septemba mko likizo.

Jumamosi yake tukampeleka Sido kununua pamba. Historia ya masoko ya Mbeya ni ya moto kweli: Mwanjelwa liliungua 2006, watu wakahamia Sido, Sido nayo ikaungua 2011, na bado ukienda leo machinga wako palepale na belo mpya, hawana habari. Kuna namna ya kwenda. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa, na ujue zile nguo zilishavaliwa kwenye baridi ya ukweli. Jaketi lililoandikwa lebo ya Kanada lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayezoa theluji kwa koleo, Mbeya yetu kwake ni jioni nzuri tu. Usitazame rangi. Geuza bitana uone kama imechanika, vuta zipu mpaka juu na chini mara mbili, kagua makwapa, tia mkono kila mfuko. Mwanangu alishika jaketi moja la kijani lenye manyoya kwenye kofia.

"Brother, hilo gredi ya kwanza, elfu ishirini na tano."

"Nina wekundu mmoja."

"Wekundu mmoja unapata mkono wa kushoto. Toa ishirini."

"Zipu yake inakwama hapa."

"Inakwama kwa sababu inazuia baridi isipite."

Jibu lile tu lilistahili hela. Likatoka kwa kumi na tano. Akaongeza mzula wa buku mbili, soksi nzito, na sweta mbili nyepesi. Sweta mbili nyepesi zinaishinda moja nzito, kwa sababu kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo na nguo, na mchana ukikaza unavua moja unafunga kiunoni. Ukivaa moja nzito mchana unatokwa jasho, jioni jasho linageuka barafu mgongoni. Na tusijifanye hatuoni, kipupwe ndio msimu wa kutupia. Dar hudi inakufanya uonekane mgonjwa. Mbeya mtu anavaa hudi, jaketi juu, raba kali, mzula umekaa pembeni kidogo, anapita Kabwe saa kumi na mbili jioni na mvuke unamtoka mdomoni kama yuko kwenye video. Manzi wanajifunga shuka la Kimasai juu ya jinzi na linawakaa kinoma. Mtu wa Kyela akishajua hilo anaacha kulalamika na kuanza kuvimba.

Kuoga. Wengi huku kipupwe wanaoga pasipoti, yaani uso, shingo, na kwapa kwa heshima ya jirani. Silaumu mtu. Ila ratiba ipo: oga saa saba mchana, jua likiwa la wima, ndoo umeianika juani toka asubuhi, na mafuta ya mgando upake ngozi ikiwa bado na unyevu, la sivyo utapauka mpaka maza akikuona kwenye simu atauliza kama unakula. Dawa ya mdomo ni kuacha kuulamba. Kila ukilamba, mate yanakauka na kuondoka na unyevu wako.

Sasa hapa sitanii. Kuna ujinga mmoja ambao watu wa joto tunaufanya kwa kutokujua: kuingiza jiko la mkaa chumbani, unafunga dirisha, unalala. Kwetu jiko linakaa nje kwa hiyo hakuna aliyetufundisha. Mkaa ukiungua kwenye hewa finyu unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Damu yako inaing'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Unaanza kuumwa kichwa, unadhani ni uchovu, unalala vizuri kabisa, na asubuhi watu wanavunja mlango. Kila msimu wa baridi habari za namna hii zinatoka, familia nzima, wanafunzi, walinzi. Usiku ule wa wali dirisha lilikuwa wazi robo na jamaa wote walilalamika, na mtu wa Makete ndiye aliyekataa lisifungwe. Wao wanajua. Unataka joto kitandani, chemsha maji, jaza chupa, funga vizuri, izungushie taulo, iweke miguuni. Jiko limeshatoka nje zamani.

Na kuna wale wa kupasha kwa pombe. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini imani yake haikupigwa. Kinywaji kikali kinafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, wewe unahisi umewaka huku joto la ndani linamwagika. Ukitoka hapo kwenda getoni kwa miguu saa sita usiku ndio unaelewa. Chai ya tangawizi haina sifa za kijiweni ila haina deni.

Najua kuna msomaji anasema nyuzi saba ni baridi gani, kuna wenzetu huko nje wanaishi chini ya sifuri. Ni kweli, na nawapigia saluti. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, wanafunzi wa kigeni, Wabongo wakiwemo, walikwama mji wa Sumy. Nje chini ya sifuri, maji yamekatika, watu wanayeyusha theluji kwenye sufuria ili wapate ya kunywa, mpaka walipotolewa Machi 8. Halafu wakaanza mchakato uleule wa kuhama vyuo, makaratasi yaleyale, masomo kulazwa pembeni ya masomo, ila kwa lugha tatu. Baridi yao siilinganishi na ya kwetu. Ninachosema ni kwamba hata wale, kabla ya vita, walifika kule wakiwa na koti, kwa sababu kila mtu alijua wanakwenda kwenye baridi. Hosteli zao zina mabomba ya kupasha chumba na madirisha ya vioo viwili. Geto la Mbeya lina bati bila dari na mwanya chini ya mlango wa kupitisha paka. Ndani na nje ni nyuzi zilezile, tofauti ni kwamba ndani unalipa kodi.

Maza wa mwanangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili usiku. Unamsikia kwenye spika, nyuma yake redio na watoto wanacheza.

"Mwanangu, uko mzima?"

"Shikamoo mama. Mzima, ila baridi."

"Marahaba. Baridi gani, hebu usinichekeshe. Sisi huku tumelala barazani kwa joto. Si hapo juu tu?"

Hakubisha. Akamtumia picha: yeye kitandani, mzula, jaketi la kijani mpaka puani, macho tu yanaonekana. Kimya cha dakika nzima. Jumatano yake konda wa Kosta akapiga simu, kuna mzigo wako Uyole, njoo na jero mbili ya kubeba. Kwenye kiroba kulikuwa na mchele, ndizi, chupa ya mawese imefungwa na mfuko wa nailoni mara tano, na katikati kabisa blanketi zito la maua makubwa, lile ambalo nyumbani linatolewa akija mgeni wa heshima tu. Mawese yalikuwa yameganda kama siagi. Mtoto wa Kyela anayaona mawese kwao ni ya maji, akadhani yameharibika, akataka kumwaga. Yule wa Makete akamnyang'anya chupa, akaiweka juani dirishani, saa sita mchana yakarudi mekundu yanatiririka. Jioni ile tulipiga ndizi na maharage, mawese juu, watu tisa, sufuria likafutwa na mkate.

Kipupwe kinaangukia kwenye UE, yaani mitihani ya chuo, hiyo ni bahati mbaya ya kalenda. Julai, chumba cha mtihani kikubwa, sakafu ya saruji, saa mbili asubuhi, vidole vimekufa, kalamu inaandika kama ya babu. Mbinu: fika mapema, kaa juani na madesa mkononi, watu wamejipanga ukutani kama mijusi, na glovu zilizokatwa vidole zinapatikana Sido kwa buku. Ukiingia andika kwanza lile swali refu unalolijua, mkono upate moto. Mwanangu alitoka na matokeo ya kueleweka, hakuna sapu hata moja, na lile somo la madogo wa mwaka wa kwanza akaongoza, ingawa hilo halitangazi sana.

Akafunga mizigo kurudi Ipinda. Nikamkumbusha chandarua, maana ukikaa bila kuumwa na mbu mwaka mzima mwili unasahau malaria, halafu likizo inakuwa ya wodini. Jaketi la kijani akataka kuniachia nimtunzie, anasema Kyela atalifanyia nini. Hapohapo simu yake ikalia, kundi la darasa, CR kaweka orodha ya fild. Wenye bahati Tukuyu, wengine Tunduma, wengine Mbarali kwenye joto lao. Akasogeza kidole chini, chini, akasimama.

Makete. Wiki nane, kuanzia Jumatatu.

Yule jamaa wa tisheti ndio hata hakuuliza, akaanza kumwelekeza kituo cha kushukia na nyumba ya mama yake, na kwamba achukue blanketi la maua, jaketi, na sweta zote mbili kwa pamoja. Mwanangu akageuka akaniangalia kichwani. Nikamwambia mapema kabisa: mzula wangu sitoi, na lile deni tutaongea akirudi.